Nani Huhesabu Chupa za Dawa?

Maswali na majibu kuhusu Ukimwi na asasi za kiraia katika kaunti za Homa Bay na Migori

Maswali haya nimeyaokota mahali pengi: chini ya mwembe huko Ndhiwa, kwenye benchi la kiliniki mjini Rongo, ndani ya matatu ya kwenda Mbita. Mengine yaliingia kwa ujumbe wa simu, usiku, watu wa nyumbani wakiwa wamelala. Majina ya waulizaji nimeyaacha, na wao wanajua kwa nini. Tena niseme mapema: mimi si daktari. Huku kwetu kila mwenye faili kwapani huitwa daktari, nami nimechoka kukataa. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuratibu afya ya jamii, kwa hivyo majibu haya ni ya mtu wa vumbi la barabarani, si ya mtu wa maabara.

Daktari, kila mkutano mnataja "asasi za kiraia". Ni akina nani hao?

Ni ninyi mliokaa hapo. Kikundi cha wajane, chama cha watu wanaotumia dawa, kamati ya wagonjwa kanisani, mawakili wanaotetea haki za wagonjwa, mpaka miungano ya kitaifa kama NEPHAK, ambao ni mtandao wa watu wanaoishi na VVU, na WOFAK, shirika la wanawake ambalo limefanya kazi Homa Bay miaka na mikaka. Kundi lolote ambalo halikuundwa na serikali na halitafuti faida limo humo. Kati ya kikundi chenye daftari moja na shirika lenye magari kumi kuna umbali mkubwa, nao ndio chanzo cha ugomvi mwingi. Nitaufikia.

Kwa nini kila redio ikitaja Ukimwi inatutaja sisi? Sisi ni wazinzi kuliko Wakenya wengine?

La. Tuanze na hesabu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta kuwa kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64, wanaoishi na VVU walikuwa asilimia 4.9. Homa Bay ilikuwa 19.6, ya kwanza nchini. Migori ilikuwa 13.0. Miaka 6 kabla ya hapo, Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wamepima Ndhiwa peke yake wakakuta asilimia 24.1, yaani karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne.

Sababu nyingi zimo katika namna tunavyopata riziki. Malori hulala Isebania. Dhahabu ya Macalder na Nyatike huvuta vijana wenye pesa za leo wasiokuwa na habari ya kesho. Awendo ina miwa na siku ya mshahara. Nje ya riziki, wanaume wengi wa jamii yetu ya Wajaluo hawakuwa wakitahiriwa, na tohara hupunguza uwezekano wa kuambukizwa. Halafu kuna ziwa na jaboya, yaani samaki kwa ngono. Mama anayenunua omena hana mtumbwi wala mtaji, na mvuvi ana omena na wanunuzi ishirini waliopanga foleni ufuoni. Yeye ndiye anayeamua amuuzie nani, na bei si shilingi peke yake. Wahubiri wameikemea jaboya miaka thelathini, nayo haijatikisika. Kina mama wa Nduru Beach, kule Kaunti ya Kisumu, waliitikisa mwaka 2011 kwa njia nyingine: walipata mitumbwi yao wenyewe, wakaajiri wanaume wawavulie. Mafuriko ya 2020 yakaja yakawahamisha kutoka kijijini, na mengi waliyojenga yakaenda na maji. Lakini walikuwa wameshaonyesha kwamba jaboya ni shida ya mtaji. Mahubiri hayanunui mtumbwi.

Hizi dawa zililetwa na Wazungu. Kwa nini vikundi vya hapa vijisifu?

Nusu ya kweli hiyo, nami nitaitoa yote. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi ya Ukimwi Homa Bay mwaka 1996. Mwaka 2001 wakaanza kutoa dawa za ARV bila malipo katika hospitali ya wilaya. Wakati huo dozi ya mwaka mmoja kwa mgonjwa wa nchi tajiri ilipita dola 10,000. Anayekumbuka wadi za siku hizo, wagonjwa wawili kitanda kimoja na wa tatu sakafuni, hawezi kuidharau kazi yao.

Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuuza dozi ya mwaka kwa dola 350. Habari njema, ila bado sheria ya Kenya ilikuwa haijafungua njia kwa dawa rahisi kama hizo. Hapo ndipo Wakenya wanaoishi na VVU, madaktari, mawakili na mashirika yalipoungana, wakawafuata wabunge mpaka Sheria ya Mali ya Viwandani ikapitishwa mwaka huo wa 2001. Kumbuka kwamba mgonjwa wa kwanza nchini alitambuliwa 1984, na Rais Moi akatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Miaka 15! Ndani ya miaka hiyo walioketi na wagonjwa ni majirani, makanisa na vikundi. Dawa za bure katika hospitali za serikali zilikuja 2006.

Kisha 2008 Bunge likapitisha sheria dhidi ya bidhaa bandia. Ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo dawa halali, iliyotengenezwa na kampuni nyingine kwa bei nafuu, ingeweza kuhesabiwa kuwa bandia na kuzuiwa bandarini. Wakenya watatu wanaoishi na VVU wakaenda mahakamani. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki ya kuishi, ya utu na ya afya. Mwaka 2015 ikaja amri ya kukusanya majina ya watoto wa shule na kina mama wajawazito wenye virusi. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda kortini, na Desemba 2016 mahakama ikasema amri hiyo inavunja Katiba.

Kwa hivyo, ndugu yangu, tembe ilitengenezwa India na gharama ikalipwa kwa sehemu kubwa na Mmarekani. Lakini bila waliokaa kwenye mabenchi ya mahakama, sijui ingeingia nchini kwa mlango upi.

Kikundi kinafanya nini ambacho muuguzi hawezi?

Swali hili ndilo nilipendalo kuliko yote.

Njoo nikupeleke ufuoni. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzika, na wanaume wako nchi kavu kwa siku kadhaa, wana pesa mfukoni na hawana kazi. Mtu akitaka kuwapima, kuwapa kondomu au kuwatafuta walioacha dawa, zile ndizo siku zake. Ofisi inajua Jumatatu hadi Ijumaa, na inajua robo ya mwaka. Nimeona gari la mradi likifika ufuoni saa nne asubuhi, hema likafungwa vizuri, meza ikatandikwa kitambaa, na wavuvi wote wamelala fofofo kwa sababu wamerudi alfajiri. Fomu ya siku ile iliandikwa "mwitikio hafifu". Mama mmoja muuza omena alitazama hema lile akacheka, akasema, "Hawa hawaangalii hata mwezi?" Baadaye kikundi chao ndicho kilichopanga ratiba, na hema likaanza kujaa.

Mfano wa pili ni chupa. Chupa ya tembe ikitikiswa hulia, na katika matatu kila mtu anajua ule mlio. Kwa hiyo wagonjwa wengi huisokota pamba na kuijaza ndani, au hubandua lebo, au huhamishia tembe katika kopo la mafuta ya kupaka, jambo ambalo ni baya kwa dawa. Muuguzi mwenye wagonjwa themanini mlangoni hatayajua haya. Mwenzako anayemeza dawa ileile anayajua, kwa sababu naye alifanya hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kutokana na hilo yakazaliwa makundi ya watu sita sita, zaidi kidogo au pungufu. Wote hali yao ni nzuri, na mmoja kwa zamu hupanda bodaboda, huenda kiliniki, hupimwa, na hurudi na dawa za wote. Kama nauli ni shilingi 300 kwenda na kurudi, watu sita huokoa shilingi 1,500 kila awamu. Lakini pesa ni sehemu ndogo. Siku ya kugawa dawa ni siku ya kuonana. Mtu asipokuja, kabla ya jua kutua kuna mtu mlangoni kwake, na si karani anayempigia simu kutoka mji mwingine.

Kisha kuna mama washauri, wanawake wenye virusi waliozaa watoto wasio na virusi, ambao huketi na mjamzito aliyepata majibu asubuhi hiyo. Nimesikia ushauri mwingi wa kitaalamu maishani mwangu. Sijasikia wenye nguvu kama wa mama anayefungua simu yake na kusema, "Huyu ndiye wangu, yuko darasa la nne."

Matokeo yako kwenye vitabu. Kati ya kila watu 100 wenye VVU huko Ndhiwa, mwaka 2012 ni 40 tu waliokuwa wamefifisha virusi mwilini. Mwaka 2018 walikuwa 88. Na mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Hospitali, wahisani na vikundi vilifanya kazi hiyo kwa pamoja. Anayedai aliifanya peke yake ni mwongo.

Wazee wa mila ndio waliotutesa na tero, kurithiwa kwa wajane. Leo mnawaita wadau?

Uchungu wako nauelewa, mama. Wapo waliosema ugonjwa huu ni chira, laana ya kuvunja mwiko, wakati watu walikuwa wakiteketea. Wapo waliomlazimisha mjane arithiwe huku kila mtu akijua kilichomuua mumewe. Sitawaosha.

Hata hivyo, tazama mambo mawili. Utafiti uliofanyika Kisumu na kwingine Afrika ulipoonyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa kwa kiasi cha asilimia 60, serikali haikuweza kuingia Nyanza na kisu mkononi. Ilibidi mazungumzo na Baraza la Wazee wa Wajaluo na wanasiasa, mengine marefu na ya hasira, kabla mpango haujaanza mwaka 2008. Waliambiwa wazi kwamba ni suala la tiba, halibadili mila ya mtu. Baada ya hapo vijana wakaja kwa maelfu.

Jambo la pili ni ardhi. Mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji zake atakunywa dawa wapi, na chakula gani? KELIN walianza mwaka 2009, Homa Bay na Kisumu, kuwafunza wazee kuhusu haki za wajane na kuwatumia kusuluhisha kesi hizo badala ya kungoja korti miaka. Mzee yuleyule ambaye jana angeamua mjane atoke, leo anasimama mpakani akionyesha kwa fimbo yake mwisho wa shamba la mama. Mimi napokea ushindi unapotoka popote.

Tuseme ukweli: haya mashirika si yanakula tu pesa?

Mengine yalikula. Katika miaka kumi kuanzia 2000, fedha za Benki ya Dunia zilipitia Baraza la Kitaifa la Kudhibiti Ukimwi kwenda kwa vikundi vya mashinani, na kukazuka mashirika ya mkobani: muhuri mmoja, mwenyekiti na mkewe ambaye ndiye mweka hazina, na picha za wajane wa kuazima. Huko juu nako hakukuwa safi. Mwaka 2004 mkurugenzi wa Baraza lenyewe alihukumiwa kifungo kwa udanganyifu kuhusu mshahara wake.

Lakini nina lawama nyingine ambayo mashirika hayapendi kuisikia. Wizi tuliupigia kelele. Gharama halali hatukuzitazama. Hoteli ya warsha Kisumu, posho ya kulala, mshauri wa kuandika ripoti, kodi ya ofisi Nairobi. Mama mshauri ambaye ndiye aliyefanya kazi yenyewe alilipwa posho kidogo ya mwezi, bila mkataba wa maana, na jina lake halikuwa kwenye ripoti. Umbali nilioutaja mwanzoni, kati ya daftari na magari kumi, ulilipwa na yeye. Kikundi kikiulizwa "mmetumiaje pesa" kijibu. Shirika kubwa nalo liulizwe shilingi ngapi kati ya kila mia zilivuka daraja zikafika kijijini.

Tangu Januari 2025 mshauri wetu haonekani. Alienda wapi?

Alirudishwa nyumbani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani, na kabla ya wiki kuisha barua za kusitisha kazi zilikuwa zimefika huku. Baadaye ikatolewa ruhusa kwa huduma za kuokoa maisha, lakini ruhusa ya karatasi na mshahara wa mtu ni vitu viwili. DREAMS, mpango wa wasichana ambao Homa Bay ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuupata, ulikatwa. USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilifunga kazi zake Julai 1, 2025.

Kilichonishangaza ni kilichobaki. Makundi ya watu sita yaliendelea kana kwamba hayakusikia habari, maana hakuna aliyekuwa akiyalipa. Kilichokufa ni kile kilichokuwa kinaning'inia kwenye mradi: nauli ya kuwafuata walioacha dawa, makarani wa takwimu, washauri wa vijana. Funzo lipo hapo kwa serikali na kwa mashirika, na sidhani limesikika.

Halikuwa onyo la kwanza. Mapema mwaka 2021 shehena ya ARV iliyotolewa na Marekani ilikwama bandarini Mombasa katika mzozo wa kodi na wa nani aisambaze. Wagonjwa waliozoea dozi ya miezi mitatu wakawa wanapewa ya wiki chache. Wizara ilikuwa ikisema dawa zipo. Wanaharakati wakaingia barabarani, wakiwa na hesabu kutoka vituoni. Tangu siku hizo nimekuwa nikiviambia vikundi vyote: hesabuni chupa. Kila mwezi, mtu wenu aulize duka la dawa la kituo kuna akiba ya wiki ngapi, aandike na tarehe. Serikali hubishana na malalamiko kwa raha zake. Na daftari lenye tarehe, hubabaika.

Kiliniki yetu imeunganishwa na foleni ya wagonjwa wote. Naogopa kuonekana. Nina haki gani?

Kuunganisha huduma si kosa kisheria, na kwa muda mrefu huenda kukapunguza unyanyapaa. Kosa ni kuanika siri yako. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya 2006 inakataza kutoa majibu yako bila idhini yako, na iliunda mahakama maalumu, yaani Jopo la VVU na Ukimwi, ambalo hupokea malalamiko hayo. Mhudumu akiita "wa ARV wapite huku" mbele ya watu, andika siku, saa na kituo, kisha ongea na msimamizi. Na tafadhali usiache dawa kwa hasira. Omba dozi ya miezi mingi, au jiunge na kundi.

Nairobi nani anatusemea?

Katika Kamati ya Uratibu ya Kenya, ambayo husimamia maombi ya fedha za Mfuko wa Dunia wa Kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria, kuna viti vya asasi za kiraia na vya watu wanaoishi na magonjwa haya. Viti vipo. Kama aliyekaa kwenye kiti aliwahi kufika Karungu au Remba, hilo mlidai wenyewe. Tangu 2021 nchi za Umoja wa Mataifa, Kenya ikiwamo, zimekubali kwamba mashirika yanayoongozwa na jamii yatoe asilimia 30 ya huduma za kupima na kutibu, na asilimia 80 ya huduma za kinga kwa makundi yaliyo hatarini zaidi. Ahadi hiyo haina mfuko wake mahali popote ninapopajua katika kaunti hizi mbili.

Sisi ni kina mama 15, hatuna mfadhili. Tuanzie wapi?

Jiandikisheni kwanza katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Msipungue watu 10, na muwe na katiba fupi mnayoielewa. Msianze kwa kutafuta mfadhili. Mtazameni kwanza jirani yenu huko Rongo. Lwala ilianza 2007 kama zahanati ya kijiji huko Kamagambo Kaskazini, mradi wa ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', waliofiwa na wazazi wao kwa ugonjwa huu. Wanakijiji ndio waliokuwa wamechanga nauli ya ndege ya Milton kwenda kusoma Marekani. Mchango wa kuku na ng'ombe ulitangulia, wahisani wakafuata.

Kisha nendeni kwenye bajeti. Mhamasishaji wa afya ya jamii leo hulipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mama mshauri na mwelimishaji rika hawamo kwenye orodha hiyo. Hakuna sheria inayozuia kaunti kuwaweka, ni suala la mstari mmoja kwenye kitabu cha bajeti. Kaunti hutakiwa kuwasilisha makadirio kwa bunge lake kufikia Aprili 30, na baada ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Mikutano hiyo huwa na viti vingi vitupu. Nendeni watu 15, na daftari la chupa, muulize swali moja: mwaka huu, pesa za mama washauri ziko ukurasa gani? Wakiwajibu kwamba zitatafutwa, ombeni jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na mwakani mrudi nalo.